Kupunguza mafuta, kuongeza nyuzinyuzi au kupunguza uzito: ulaji upi unagusa homoni baada ya saratani ya matiti?

Katika ukoo wetu wapo wanawake wawili waliomaliza matibabu ya saratani ya matiti, na wote wawili waliniuliza swali lile lile katika msimu mmoja wa mahindi mabichi: nile nini ili ugonjwa usirudi? Wa kwanza ni mama mdogo, mwenye miaka 63, anayeishi Tukuyu katikati ya migomba na miparachichi, ambaye hedhi yake ilikoma zaidi ya miaka kumi iliyopita na ambaye kila asubuhi humeza kidonge cha anastrozoli. Wa pili ni dada yangu, mwenye miaka 41, mfanyabiashara wa vitenge Iringa mjini, ambaye bado anaona siku zake na anatumia tamoksifeni. Kipimo cha nyama cha kila mmoja, yaani cha kipande kilichokatwa kwenye uvimbe, kilionyesha kwamba uvimbe wake ulikuwa na vipokezi vya homoni, yaani seli zake zilikuwa zikichochewa na estrojeni, homoni ya kike ya uzazi, na dawa wanazotumia wote wawili ni za kuizuia. Kliniki waliambiwa wale vizuri, wakarudi nyumbani, na ushauri wa majirani ukaanza kumiminika: mama mdogo aliambiwa aache mafuta kabisa, dada akaambiwa anywe juisi ya mboga kila siku, na wote wawili wakaonywa wasiiguse soya.

Ninafundisha baiolojia katika shule ya sekondari hapa Mbeya, kwa hiyo swali lao lilinifikia kama swali la familia na la darasani kwa wakati mmoja. Nilisoma matokeo ya majaribio makubwa yaliyofanywa na wanawake waliopitia ugonjwa huu huu, nikayalinganisha na yanayopikwa katika sufuria zetu, na nikaona kwamba ushauri mwingi unaozunguka mitaani huangukia katika njia tatu: kupunguza mafuta, kuongeza mboga na nyuzinyuzi, na kupunguza uzito. Watu huzitaja pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Ukweli ni kwamba kila moja hugusa homoni kwa mlango wake, na ile inayomfaa zaidi mama mdogo siyo inayomfaa zaidi dada. Tena kuna jambo la kulishika tangu mwanzo: kushuka kwa homoni katika damu na kupungua kwa uwezekano wa ugonjwa kurudi ni mambo mawili, na majaribio yenyewe yameonyesha kwamba yanaweza kutengana.

Estrojeni inatoka wapi

Kwa mwanamke ambaye bado anaona siku zake, estrojeni nyingi hutengenezwa na ovari kwa amri inayotoka kwenye ubongo, na kiwango chake hupanda na kushuka sana ndani ya mzunguko mmoja wa mwezi. Chakula hakina nguvu kubwa juu ya mpando na mshuko huo. Hedhi ikishakoma, ovari hupunguza kazi hiyo karibu yote, lakini estrojeni haiishi mwilini, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo huendelea kutoa homoni nyingine, na kimeng'enya kiitwacho aromatazi, kinachopatikana katika mafuta ya mwilini, huzigeuza kuwa estrojeni. Ndiyo kusema kwa mama mdogo kiwanda kimehamia tumboni, kiunoni na mapajani, na kadiri mafuta hayo yanavyozidi ndivyo kiwanda kinavyopanuka.

Estrojeni ikishaingia katika damu, sehemu kubwa yake husafiri imeshikwa na protini, na ile iliyoshikwa kwa nguvu haiwezi kufanya kazi mpaka iachiliwe. Moja ya protini hizo hutengenezwa na ini mahsusi kwa kushika homoni za uzazi. Mtu akinenepa, na insulini katika damu yake ikawa juu muda mrefu, ini hupunguza kutengeneza protini hiyo, na estrojeni iliyo huru huongezeka hata kama ile ya jumla haijabadilika sana. Mwisho wa safari, ini hufunga estrojeni iliyotumika na kuitupa pamoja na nyongo ndani ya utumbo. Hapo hutokea jambo ambalo wanafunzi wangu hulishangaa kila mwaka: baadhi ya bakteria wa utumbo huifungua tena, na sehemu yake hurudi katika damu kana kwamba haikutupwa. Nyuzinyuzi za chakula huivuruga safari hiyo ya kurudi, kwa kuishika estrojeni na kuharakisha choo kutoka.

Njia ya kwanza: kupunguza mafuta

Jaribio kubwa zaidi la njia hii kwa wanawake waliotibiwa saratani ya matiti lilifanyika Marekani kwa wanawake 2,437 waliokwisha koma hedhi, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006. Kundi moja lilifundishwa kupunguza mafuta na kundi la pili likaendelea na mlo wake wa kawaida. Baada ya mwaka mmoja kundi la kwanza lilikuwa likila wastani wa gramu 33 za mafuta kwa siku, na la pili gramu 51. Baada ya takriban miaka mitano, ugonjwa ulikuwa umerudi kwa asilimia 9.8 ya waliopunguza mafuta na kwa asilimia 12.4 ya wenzao. Tofauti hiyo inatia moyo, lakini ukiitazama kwa karibu unakutana na mambo mawili. Kwanza, waliopunguza mafuta walipungua uzito pia, kwa zaidi ya kilo mbili ukiwalinganisha na wenzao, na kwa hiyo ni vigumu kujua kama kilichosaidia ni mafuta yaliyopungua sahanini au kilo zilizopungua mwilini. Pili, na hili ndilo lililonifanya nitulie na kufikiri, faida ilionekana kubwa zaidi kwa wale ambao uvimbe wao haukuwa na vipokezi vya estrojeni. Kama mlo huo ungefanya kazi kwa kushusha estrojeni peke yake, tungetarajia kinyume chake.

Gramu 33 za mafuta ni kiasi gani katika jikoni ya Tukuyu? Siku moja nilikaa kwenye kigoda kando ya mama mdogo akiandaa mnafu na maharage kwa ajili ya watu watatu. Alishika chupa ya mafuta ya alizeti, akamimina moja kwa moja kwenye sufuria kama alivyozoea tangu ujana. Nikamwomba, "Mama mdogo, samahani, kesho hebu pima kwanza kwa kijiko ndipo umimine." Kesho yake alipima mkono wake wa kawaida, vikatoka vijiko vinne vya chakula. Kijiko kimoja kina takriban gramu 13.5 za mafuta, kwa hiyo sufuria ilipokea gramu 54, sawa na gramu 18 kwa kila mlaji. Chakula cha jioni kikipikwa vivyo hivyo, anafikisha gramu 36 kabla hajagusa maziwa, karanga wala nyama. Alikitazama kile kijiko, akasema, "Mwanangu, kumbe mimi nakula mafuta kama mwenye duka." Siku hizi anapika kwa vijiko viwili, anaanza na kitunguu na nyanya kwa moto mdogo, anafunika mfuniko, na mboga inaiva kwa maji yake yenyewe.

Tatizo la njia hii kwa nyanda zetu ni parachichi. Rungwe na Njombe ni nchi ya maparachichi, na mama mdogo analo mlangoni. Parachichi lenye gramu 200 za nyama lina mafuta yanayokaribia gramu 29, kwa hiyo anayefuata mlo wa mafuta kidogo kwa hesabu kali, akila parachichi moja kubwa, amekwisha kula karibu mgawo wote wa siku. Lakini parachichi hilo hilo lina nyuzinyuzi zipatazo gramu 13, na mafuta yake kwa sehemu kubwa ni yale yasiyoganda, ambayo ni rafiki wa moyo. Mtu anayefuata njia ya kwanza angelikataa, na anayefuata njia ya pili angelikaribisha. Kwa maoni yangu, kumnyima mwanamke wa Rungwe parachichi huku akiendelea kumimina mafuta kwa mkono mzito na kununua maandazi ya kukaangwa kila asubuhi ni kuanzia mahali pasipostahili. Nusu ya parachichi badala ya mafuta ya kukaangia ni badiliko zuri. Parachichi zima juu ya vyote alivyokuwa akila ni nyongeza ya kalori tu.

Njia ya pili: mboga nyingi na nyuzinyuzi

Jaribio la pili, pia la Marekani, lilihusisha wanawake 3,088 wenye umri wa miaka 18 hadi 70, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2007. Walioongozwa kubadili mlo waliwekewa lengo la mafungu matano ya mboga na matatu ya matunda kila siku, juisi ya mboga, gramu 30 za nyuzinyuzi, na mafuta yasiyozidi asilimia 20 ya nishati yote. Sehemu inayohusu homoni ilitangulia kuchapishwa mwaka 2004, na hapo damu za wanawake 291 zilipimwa mwanzoni na baada ya mwaka mmoja. Waliobadili mlo walikuwa wakila gramu 29 za nyuzinyuzi kwa siku, wenzao gramu 22. Estradioli, aina kuu ya estrojeni, iliyo huru kufanya kazi ilishuka kwa waliobadili mlo, na hesabu zilipochambuliwa ilionekana kwamba kilichoambatana na mshuko huo ni kuongezeka kwa nyuzinyuzi. Kupungua kwa mafuta hakukuonyesha uhusiano huo. Uzito wa makundi mawili haukutofautiana. Kwa anayeuliza swali la homoni tu, matokeo haya yanaipa njia ya pili nafasi ya juu kuliko ya kwanza, kwa sababu yanaonyesha nyuzinyuzi zikifanya kazi zenyewe bila msaada wa kupungua uzito.

Kisha yakaja matokeo ya jumla, na kwa wengi yalikuwa ya kuvunja moyo. Baada ya miaka 7.3 kwa wastani, ugonjwa ulikuwa umerudi au uvimbe mpya wa titi ulikuwa umetokea kwa asilimia 16.7 ya waliokula mboga nyingi na kwa asilimia 16.9 ya wenzao, na vifo navyo vilikaribiana vivyo hivyo. Homoni ilishuka, lakini ugonjwa haukupungua kwa kundi zima. Uchambuzi wa baadaye, wa mwaka 2009, ulionyesha kwamba wanawake ambao mwanzoni hawakuwa na joto la ghafla mwilini, lile linaloamsha mtu usiku akiwa amelowa jasho, walipata nafuu kutokana na mlo huo, matukio yakipungua kwa asilimia 31. Ukosefu wa joto hilo unaweza kuwa dalili ya estrojeni iliyo juu kidogo, na huenda hao ndio waliokuwa na kitu cha kushusha. Huo ni uchambuzi uliofanywa baada ya jaribio kuu, na mimi ninauchukua kama fununu nzuri tu. Hata hivyo mama mdogo aliponiambia kwamba yeye joto hilo analipata mara nne kwa usiku mmoja, nilielewa kwamba juisi ya mboga isingekuwa jambo la kwanza kumsukumia.

Pamoja na hayo, njia ya pili ndiyo rahisi kuliko zote kwa mtu wa nyanda za juu kusini, kwa sababu vyakula vyake viko shambani. Gramu 30 za nyuzinyuzi zinazowasumbua wanawake wa miji ya Marekani sisi tunaweza kuzifikisha kwa sahani mbili. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 11 hadi 15. Unga wa dona wa gramu 150, ambao ni ugali wa mlo mmoja, unaleta gramu kumi hivi, ilhali sembe ya uzito huo huo huleta nusu yake au pungufu. Mboga za maboga, chainizi, figili au mnafu hujaza zilizobaki. Jambo linaloniuma ni kwamba tunalima mahindi mazuri kuliko karibu mikoa yote, kisha tunayapeleka mashineni, tunalipia kukoboa, tunabeba unga mweupe nyumbani na kuwapa nguruwe pumba, ambazo ndizo zenye nyuzinyuzi tunazozitafuta. Anayesaga dona analipia kusaga peke yake na anarudi na debe lililojaa zaidi.

Dona ina sharti moja ambalo sitaki lipite kimya. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi, hukaa zaidi katika ganda na kiini, na kukoboa hupunguza sehemu yake. Anayeamua kula dona achague mahindi yaliyokauka vizuri, aondoe punje zilizovunjika, zenye rangi ya ajabu au zenye ukungu kabla ya kupeleka mashineni, na asisage mahindi yaliyonyeshewa ghalani. Ini la mtu aliyepitia tibakemia halihitaji mzigo mwingine. Vilevile nyuzinyuzi ziongezwe polepole kwa wiki kadhaa na maji yanywewe ya kutosha, la sivyo tumbo litajaa gesi na mtu ataacha ndani ya siku tatu, kama alivyotaka kuacha dada.

Njia ya tatu: kupunguza uzito

Hapa ndipo ninapoona homoni zikisogea kwa kiasi kinachoonekana wazi, ingawa ushahidi nitakaoutaja ulitoka kwa wanawake ambao hawakuwahi kuugua saratani ya matiti. Katika jiji la Seattle, wanawake 439 waliokoma hedhi na wenye uzito uliozidi waligawanywa katika makundi manne: mlo wa kupunguza uzito, mazoezi, mlo pamoja na mazoezi, na kundi lisilobadilisha kitu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja estradioli ilishuka kwa takriban asilimia 5 kwa waliofanya mazoezi peke yake, asilimia 16 kwa waliobadili mlo, na asilimia 20 kwa waliofanya yote mawili. Protini ile ya ini inayoshika homoni ilipanda kwa asilimia 22 kwa kundi la mlo na kwa asilimia 26 kwa kundi la mlo na mazoezi. Waliopungua zaidi uzito ndio ambao homoni zao zilishuka zaidi. Kupungua kwenyewe hakukuwa kwa ajabu: waliounganisha mlo na mazoezi walipoteza wastani wa asilimia 10 hadi 11 ya uzito wao.

Ukiweka njia hizi tatu ubavu kwa ubavu kwa mwanamke aliyekoma hedhi na aliyenenepa, mimi ningeanza na uzito, kisha nyuzinyuzi, kisha mafuta. Kupunguza mafuta ninakuona zaidi kama chombo cha kumfikisha kwenye uzito, kwa kuwa gramu moja ya mafuta ina kalori tisa na gramu moja ya wanga ina nne. Nyuzinyuzi nazo zinafanya kazi mbili kwa pamoja, kwa sababu zinavuruga urejeo wa estrojeni utumboni na papo hapo zinamshibisha mtu kwa chakula kidogo. Mama mdogo alikuwa na kilo 84 na urefu wa sentimita 158. Akipunguza asilimia saba tu, ambazo ni kilo sita hivi, atakuwa amegusa kile kiwanda nilichokitaja, na magoti yake yanayouma kwa kupanda mlima kwenda kanisani yatashukuru pia.

Lakini njia hii si ya kila mtu, na kosa la kuigeuza kuwa sheria linaweza kumdhuru mgonjwa. Wapo wanawake wengi katika vijiji vyetu wanaomaliza tibakemia na mionzi wakiwa wamekonda, nguo zinawapwaya, na misuli ya mikono imekwisha. Huyo asipunguze hata kilo moja. Anahitaji mayai, maharage, dagaa, maziwa na uji mzito, na mwili wake urudi kwanza. Kufunga kwa siku nyingi kwa nia ya kuulaza njaa uvimbe, jambo ambalo nimelisikia likishauriwa, sikuona jaribio lolote kati ya haya likilitumia.

Kidonge kwanza, kisha sahani

Ulinganisho huu haukamiliki bila kuweka dawa mezani. Anastrozoli anayoitumia mama mdogo huzuia kimeng'enya cha aromatazi, na kwa mwanamke aliyekoma hedhi hushusha estrojeni kwa zaidi ya asilimia 80. Linganisha na asilimia 20 ya mlo na mazoezi ya mwaka mzima. Hakuna dona wala mnafu utakaofikia hapo, na anayeacha kidonge kwa sababu ameanza kula vizuri amebadilisha ng'ombe kwa kuku. Sababu ya kumwambia apunguze uzito ingali ipo, kwa kuwa imeonekana kwamba wanawake wanene wanaotumia dawa za kundi hili hubaki na estrojeni juu kidogo kuliko wembamba. Ila dawa hiyo hiyo, kwa kuikausha estrojeni, hupunguza uimara wa mifupa. Kwa hiyo sahani yake ina kazi ambayo sahani ya dada haina kwa sasa: kulinda mifupa. Usipa wa Ziwa Nyasa wanaoletwa kutoka Kyela, wakiliwa wazima na mifupa yao, pamoja na maziwa, humpa madini ya chokaa, na kutembea kwa miguu juani kila siku huipa mifupa sababu ya kubaki imara.

Kwa dada mambo ni tofauti. Tamoksifeni haishushi estrojeni. Inakikalia kipokezi ili estrojeni ikifika ikute kiti kimeshikwa. Kwa mwanamke ambaye ovari zake bado zinafanya kazi, estradioli katika damu inaweza hata kupanda akiwa anatumia dawa hiyo, na kwa hiyo kumpima homoni ili kujua kama mlo wake unafaa kungemtia hofu bure. Ovari zake ndizo zinazoamua, na chakula hakiwezi kuzinyamazisha. Hapa ningeanza na nyuzinyuzi na kudhibiti uzito usiongezeke, kwani tibakemia ilimwongezea kilo saba, na akizibeba mpaka hedhi itakapokoma, ataingia umri huo na kiwanda kikubwa kikimsubiri. Kuhusu mafuta, kwake yeye sina ushahidi wa homoni wa kumwekea hesabu kali ya gramu 33, maana jaribio lile lilikuwa la wanawake waliokoma hedhi.

Na kwa mwanamke ambaye uvimbe wake haukuwa na vipokezi vya homoni, hali ambayo ni ya kawaida zaidi kwa wanawake wa Afrika kuliko kwa wale wa Ulaya, mjadala wote wa kushusha estrojeni kwa chakula una uzito mdogo. Yeye anakula vizuri kwa ajili ya moyo, sukari na nguvu, na lile jaribio la mafuta kidogo linampa sababu ya kulifikiria kuliko wengine. Ndiyo maana nawasihi kina mama watunze majibu ya kipimo cha nyama pamoja na kadi ya kliniki, wasiyaache hospitalini, na wajue mstari mmoja tu uliomo: vipokezi vipo au havipo.

Soya, pombe na sukari

Hofu ya soya ina chanzo kinachoeleweka, kwa sababu ina viambata vinavyofanana kwa umbo na estrojeni. Lakini mjini Shanghai, nchini China, wanawake 5,042 waliotibiwa saratani ya matiti walifuatiliwa, na ripoti ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba waliokula soya zaidi kama chakula walikuwa na vifo na marudio machache ya ugonjwa kuliko waliokula kidogo. Huo ulikuwa ufuatiliaji, hawakugawiwa mlo kwa kura, kwa hiyo siwezi kusema soya inatibu. Ninachoweza kumwambia dada kwa moyo mweupe ni kwamba kikombe cha uji wa lishe wenye soya kisimnyime usingizi. Vidonge na unga wa dukani wenye viambata vya soya vilivyokolezwa ni jambo jingine, na hivyo aviache.

Pombe haina mjadala mrefu. Hupandisha estrojeni na huchosha ini, na mwili hautofautishi ulanzi wa Mufindi, komoni au bia ya chupa. Katika msimu wa ulanzi, mtu akikukaribisha kikombe, kukataa kwa sababu ya afya si kumvunjia heshima, na wenyeji wengi wanaelewa wakiambiwa ukweli.

Sukari hailishi saratani peke yake kama inavyotangazwa. Njia yake inapitia insulini na kilo. Dada alikuwa akinywa vikombe vinne vya chai kwa siku dukani kwake, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari, jumla ya gramu zinazokaribia 50, bila kuhesabu soda ya mchana. Amebaki na kijiko kimoja kwa kila kikombe, na soda ameiacha kwa siku za harusi.

Wiki iliyopita nilipita Tukuyu nikitokea Kyela, nikamkuta mama mdogo amerudi kutoka zahanati ambako hupimwa uzito kila mwezi. Ana kilo 80 sasa. Kijiko cha kupimia mafuta amekitoboa tundu kwenye mpini na kukining'iniza kwa kamba kwenye shingo ya chupa, ili hata mjukuu akipika asimimine kwa macho, na kidonge cha anastrozoli hukiweka kando ya birika la chai, mahali ambapo mkono wake hufika kila asubuhi kabla ya kitu kingine chochote.